Kitita, Dalali na Askari Hewa: Uandikishaji Jeshini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipiganwa kati ya serikali ya Muungano, maarufu kama Kaskazini, chini ya Rais Abraham Lincoln, na majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa, yakaunda Shirikisho chini ya Jefferson Davis. Pande zote mbili zilianza zikiwa na vijana wengi wenye hamu ya kupigana kuliko bunduki za kuwapa. Kufikia mwaka wa pili vijana hao walikuwa makaburini, hospitalini au hoi kwa uchovu, na serikali zote mbili zikageukia sheria, fedha na vitisho ili kuziba mapengo yao. Hapo ndipo madalali walipopata kazi.

Makala haya yanaeleza mfumo huo wa uandikishaji ulivyofanya kazi, ulivyovujisha watu na fedha, na mafunzo yaliyotokana nao. Mkazo uko Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko fedha ilikokuwa nyingi na biashara ya askari ikashamiri. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mfumo wa Kaskazini ulilipia saini. Mtu alihesabiwa na kulipwa sehemu kubwa ya fedha yake siku alipoandikishwa, kabla hajafika mstari wa mbele, na kati ya siku ya kusaini na siku ya kufika huko wizi wa kila namna ulipata pa kupenya.

Mwaka wa kwanza

Tarehe 15 Aprili 1861, baada ya ngome ya Fort Sumter kushambuliwa, Lincoln aliita wanamgambo 75,000 kwa muda wa siku 90. Jeshi la kudumu la nchi nzima wakati huo lilikuwa na watu wapatao 16,000 tu. Magavana walizidiwa na waliojitokeza. Mwezi Julai Bunge likaidhinisha askari 500,000 wa kujitolea, na aliyejiunga kwa miaka mitatu akaahidiwa dola 100, za kulipwa atakapomaliza utumishi wake.

Kazi ya kukusanya watu ilikuwa mikononi mwa majimbo. Gavana ndiye aliyeunda rejimenti, kila moja ikiwa na watu wapatao 1,000, na yeye ndiye aliyeteua makanali. Cheo cha kanali kilikuwa shukrani nzuri kwa mfuasi aliyehangaika wakati wa uchaguzi. Kwa sababu hiyo magavana wengi walipendelea kuunda rejimenti mpya, zenye vyeo vipya vya kugawa, kuliko kupeleka watu kwenye rejimenti za zamani zilizopukutika. Rejimenti iliyozoea vita ilibaki na watu mia chache, huku nyingine, yenye sare mpya na maofisa wasiojua hata amri za gwaride, ikipelekwa kujifunza chini ya risasi. Jimbo la Wisconsin lilisifiwa na majenerali kwa sababu lilijaza rejimenti zake za zamani.

Kosa jingine lilitoka juu. Tarehe 3 Aprili 1862 Waziri wa Vita, Edwin Stanton, aliagiza ofisi zote za uandikishaji zifungwe kwa imani kwamba vita vinaelekea ukingoni. Siku tatu baadaye yakaanza mapigano ya Shiloh, Tennessee, ambako kwa siku mbili pande zote zilipoteza karibu watu 24,000 kwa kufa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo. Juni ofisi zikafunguliwa tena, na Julai Lincoln akaita watu 300,000. Safari hii foleni hazikuonekana.

Kusini: wa kwanza kulazimisha

Shirikisho, lenye watu wachache zaidi, ndilo lililotangulia kulazimisha watu kuingia jeshini. Sheria ya tarehe 16 Aprili 1862 iliwagusa wanaume weupe wenye umri wa miaka 18 hadi 35, na kuwabakiza waliokuwa wamejitolea kwa mwaka mmoja hadi watimize miaka mitatu. Mwezi Septemba umri wa juu ulipandishwa hadi 45, na Februari 1864 wigo ukawa miaka 17 hadi 50.

Sheria hiyo ilikuwa na milango kadhaa ya nyuma. Mwenye fedha aliruhusiwa kumtafuta mbadala wa kwenda badala yake. Baadhi ya kazi zilisamehewa, zikiwemo za wauza dawa na walimu wenye wanafunzi wasiopungua 20, na ghafla shule mpya zikachipuka vijijini, sambamba na maduka ya dawa yenye chupa chache rafuni. Gavana Joseph E. Brown wa Georgia, aliyepinga waziwazi amri za Davis, aliwakinga maelfu ya watu kwa kuwatangaza kuwa maofisa wa wanamgambo wa jimbo au watumishi muhimu wa serikali yake.

Kilichowauma zaidi wakulima maskini ni sheria ya tarehe 11 Oktoba 1862 iliyomsamehe mzungu mmoja katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Idadi ya walionufaika haikuwa kubwa, lakini ujumbe uliosomwa vibandani ulieleweka: vita ni vya tajiri, na wa kwenda kufa ni maskini. Wake za askari waliandika barua za njaa, na waume zao wakaanza kurudi nyumbani bila ruhusa. Mfumo wa mbadala ulifutwa Desemba 1863, baada ya bei yake kufikia maelfu ya dola za Shirikisho, na Januari iliyofuata hata waliokwisha kulipia mbadala wakatakiwa kwenda wenyewe.

Kaskazini: sheria ya 1863

Tarehe 3 Machi 1863 Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Uandikishaji. Iliwagusa raia wa kiume wenye umri wa miaka 20 hadi 45, pamoja na wahamiaji waliokwisha kuomba uraia. Msimamizi mkuu alikuwa Kanali James B. Fry, na kila wilaya ya uchaguzi wa Bunge ilikuwa na bodi ya watu watatu: ofisa wa jeshi, kamishna na daktari. Watumishi wake walipita nyumba kwa nyumba kuandika majina, kazi iliyowafanya wachukiwe. Kufikia mwisho wa vita watu 38 wa idara hiyo walikuwa wameuawa wakiwa kazini.

Kila wilaya ilipewa mgawo wa askari. Kama watu wa kujitolea wangetosha, mambo yaliishia hapo. Wasipotosha, ilipigwa kura: majina yaliwekwa kwenye pipa la kuzungushwa, karani aliyefungwa kitambaa machoni akachomoa karatasi moja moja, na mwingine akalisoma jina kwa sauti mbele ya umati. Aliyetajwa alikuwa na njia nne. Angeweza kwenda mwenyewe, kuthibitisha kwamba ana sababu ya kusamehewa, kuleta mbadala, au kulipa fidia ya dola 300 na kurudi nyumbani kwake.

Dola 300 zilikaribia mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, na askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi. Fidia hiyo ikaonekana kuwa tangazo la bei ya maisha ya mtu. Ila ilikuwa na kazi nyingine ambayo wengi hawakuiona. Kwa kuwa mtu angeweza kujikomboa kwa dola 300, hakuna aliyekuwa tayari kumlipa mbadala zaidi ya hapo, hivyo fidia ikazuia bei isipae. Bunge lilipoifuta Julai 1864, isipokuwa kwa watu ambao dini yao iliwakataza kupigana, bei ya mbadala iliruka, na aliyekuwa na dola 300 tu akakosa pa kushika.

Watu wa kipato cha kati walijipanga kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana: waliunda kitu kama upatu. Wanaume wa mtaa mmoja walichangishana, na jina la mmoja wao likichomolewa, mfuko ulimlipia dola 300. Baadhi ya miji, viwanda na vyama vya siasa vilifanya vivyo hivyo kwa watu wao.

Kati ya majina yapatayo 776,000 yaliyochomolewa katika kura nne za Kaskazini, watu 161,000 hawakujitokeza kabisa. Wengi wa waliobaki walisamehewa kwa ugonjwa, ulemavu au mzigo wa familia, au waliachwa kwa sababu mgawo wa wilaya ulikuwa umetimia. Waliopatikana kuwa wanafaa walikuwa takriban 207,000. Kati yao 87,000 walilipa fidia, 74,000 walileta mbadala, na 46,000 tu ndio waliokwenda wenyewe. Kwa kila majina 100 yaliyochomolewa, ni watu 6 tu waliokwenda jeshini wenyewe.

Ghasia za New York

Kura ya kwanza jijini New York ilichezeshwa Jumamosi, tarehe 11 Julai 1863, katika ofisi iliyokuwa Third Avenue. Jumapili magazeti yalikuwa na orodha ya majina, na Jumatatu umati ukaivamia ofisi hiyo na kuichoma. Miongoni mwa walioongoza shambulio hilo walikuwemo wazima moto wa kujitolea wa kikosi kimoja cha jiji, waliozoea kusamehewa utumishi wa wanamgambo na sasa wamejikuta kwenye orodha.

Hasira dhidi ya dola 300 haikuchelewa kuwageukia watu weusi, ambao vibarua weupe, wengi wao Wairish, waliwaona kuwa chanzo cha vita na washindani wa kazi za bandarini. Watu weusi walinyongwa barabarani, na kituo cha yatima weusi kilichokuwa Fifth Avenue kiliteketezwa. Watoto 233 waliokuwemo walitolewa kwa mlango wa nyuma wakanusurika. Ghasia zilizimwa tarehe 16 na wanajeshi, wengine wakiletwa kutoka mapigano ya Gettysburg, na waliokufa walizidi 100.

Kilichofuata kilikuwa suluhisho la kisiasa. Baraza la kaunti ya New York lilitenga dola milioni 2 za mkopo ili kuwalipia mbadala wakazi ambao majina yao yangechomolewa. Miongoni mwa waliosimamia mpango huo alikuwemo William Tweed, mwanasiasa ambaye miaka kadhaa baadaye angefungwa kwa kuiba fedha za jiji. Kura ilirudiwa mwezi Agosti kukiwa na maelfu ya wanajeshi mitaani, na hakukuwa na ghasia. Penye udhia, wahenga walisema, penyeza rupia.

Soko la vichwa

Kwa wilaya, kura ilikuwa aibu na hatari ya kisiasa, kwa hiyo kila mji ulitaka kuikwepa kwa kutimiza mgawo kwa watu wa kujitolea. Njia ya kuwapata ilikuwa kitita, yaani malipo ya kujiunga. Mfano mzuri ni ofisi ya uandikishaji iliyokuwa katika bustani ya ukumbi wa jiji la New York mapema mwaka 1864. Mabango yake yaliahidi dola 300 za kaunti, taslimu. Dola 75 za jimbo. Na dola 302 za serikali kuu. Jumla yake ni dola 677 kwa askari mpya, sawa na mishahara ya zaidi ya miaka minne. Aliyewahi kutumikia aliongezwa dola 100. Na yeyote aliyemleta askari mpya alipewa dola 15 mkononi.

Hizo dola 15 ndizo zilizomzaa dalali. Kazi yake ilikuwa kukusanya vichwa na kuviuza kwa mji uliotangaza bei kubwa zaidi. Aliwasubiri wahamiaji wanaoshuka melini, mabaharia waliomaliza fedha, walevi wa vilabuni na wavulana waliotoroka kwao. Akishampata mtu alimlewesha, akamwekea saini, akamkabidhi sehemu ndogo ya kitita na kubaki na nono. Wazee walipakwa rangi nywele waonekane vijana. Wavulana walifundishwa kusema wana miaka 18.

Soko hili lilikuwa na madhara yasiyoonekana haraka. Kijana wa kijiji maskini alikwenda kujiandikisha mjini, ambako kitita kilikuwa kikubwa, na akahesabiwa kwenye mgawo wa mji. Kijiji chake kilibaki na mgawo uleule na watu wachache zaidi, kikalazimika kukopa ili kuongeza kitita chake au kusubiri kura. Vita vilipokwisha, serikali kuu, majimbo na miji vilikuwa vimetumia zaidi ya dola milioni 500 kwa vitita, na miji mingi iliendelea kulipa madeni hayo kwa miaka mingi.

Kulikuwa pia na askari wa karatasi. Mji uliruhusiwa kujihesabia mabaharia na watu walioandikishwa kwingine, mradi uwe na hati. Hati zikawa bidhaa: zilighushiwa, ziliuzwa mara mbili, na migawo ikatimia vitabuni kwa majina yasiyo na mwili nyuma yake. Afrika Mashariki imezoea kusikia juu ya watumishi hewa. Hawa walikuwa askari hewa, na katika mahandaki ya Virginia nafasi zao zilibaki wazi.

Hata watu wakubwa walipita kwenye soko hili, kwa njia halali. Grover Cleveland, wakili kijana wa Buffalo, alimlipa mhamiaji mmoja wa Kipolandi dola 150 aende badala yake. Lincoln mwenyewe, ambaye umri wake ulikuwa nje ya sheria, mwaka 1864 alimlipia kijana John Summerfield Staples wa Pennsylvania ahesabike kuwa mwakilishi wake jeshini.

Warukaji

Kitita cha serikali kuu kililipwa kwa mafungu, lakini cha miji kililipwa taslimu, na hilo liliwafungulia njia wale walioitwa warukaji. Mrukaji alijiandikisha, akachukua fedha, akatoroka kabla ya kufika vitani, akabadili jina na kwenda mji mwingine kuanza upya. Mmoja aliyekamatwa Albany Machi 1865 alikiri kuruka mara 32, akahukumiwa kifungo cha miaka minne.

Jeshi lilijibu kwa kuwachukulia askari wapya wote kama wafungwa. Frank Wilkeson alikuwa na umri wa miaka kama 16 alipotoroka shambani kwao katika majira ya baridi ya 1863–1864 akajiunga na kikosi cha mizinga. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa miaka ya 1880, anasimulia alivyopelekwa Albany akitarajia kambi na kujikuta ndani ya jengo linalonuka, limezungukwa na walinzi, limejaa mamia ya wanaume waliokwisha kupokea kitita na wanaovizia upenyo. Yeye aliyekwenda kwa hiari yake alikatazwa kutoka nje. Walipopelekwa kusini chini ya ulinzi, waliochomoka mbio kutoka mstarini walipigwa risasi.

Kwa jumla, watoro wa jeshi la Muungano wanakadiriwa kufikia 200,000, na wa Shirikisho 100,000. Muungano uliwaua kwa amri ya mahakama watu 147 tu kwa kosa hilo, kwani Lincoln alisamehe wengi.

Daktari, karani na ofisa

Rushwa ilihitaji mikono ndani ya ofisi, na daktari wa bodi ndiye aliyekuwa na kalamu yenye thamani kubwa. Mwenye fedha na afya aliweza kutoka na cheti cha ugonjwa. Mbadala mwenye kifua kibovu aliweza kupita kwa sababu dalali alimwona daktari mapema. Bila daktari mla rushwa, watu walitafuta njia zao. Cheti cha kukosa meno ya mbele kilitosha kumsamehe mtu, kwa kuwa askari aliirarua karatasi ya baruti kwa meno, na wako waliong'oa meno mazima kwa ajili hiyo.

Mpelelezi Lafayette Baker alitumwa New York mwanzoni mwa 1865. Alijifanya mnunuzi wa hati, akanunua za kughushi kutoka kwa madalali na kuwakamata, kisha akafungua ofisi ya uandikishaji ya uongo Hoboken, ng'ambo ya mto, na kuwanasa warukaji walioijia kitita. Baker alipenda kujikuza, na kitabu chake husomwa kwa tahadhari, ila wizi alioufichua ulikuwepo. Mwaka huohuo Meja John A. Haddock, aliyesimamia uandikishaji magharibi mwa jimbo la New York, alitiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa udanganyifu wa vitita na kufukuzwa jeshini.

Askari weusi

Kuanzia 1863 Muungano uliandikisha watu weusi, na takriban 179,000 walitumikia katika jeshi lake. Walilipwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za mavazi, mpaka Bunge liliposawazisha mishahara Juni 1864. Katika majimbo ya mpakani yaliyobaki upande wa Muungano, bwana mtiifu kwa serikali aliweza kudai hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyeandikishwa: kwa mara nyingine, malipo yalikwenda kwa asiyepigana.

Julai 1864 majimbo ya Kaskazini yaliruhusiwa kutuma maajenti kuandikisha watu weusi katika maeneo ya Kusini yaliyotekwa, ili wahesabiwe kwenye migawo ya Kaskazini. Maajenti zaidi ya 1,000 walikwenda, wakaambulia askari kama 5,000. Jenerali William T. Sherman aliupinga mpango huo waziwazi. Baada ya vita, mawakala wa madai waliwapunja askari weusi na wajane wao vitita walivyokuwa wakidai, hata mwaka 1867 Bunge likaagiza fedha hizo zipitie idara iliyoshughulikia watu walioachiwa huru.

Tathmini na mafunzo

Ni rahisi kuuona mfumo huu kuwa hadithi ya walaghai, lakini majeshi yalipatikana. Zaidi ya watu milioni 2 walitumikia upande wa Muungano, wengi wao kwa hiari. Mwaka 1864, muda wa rejimenti za 1861 ulipokuwa unakwisha, askari wapatao 136,000 walijiandikisha tena. Hao nao walipewa kitita, pamoja na likizo ya siku 30, na kwa kawaida hawakuruka. Walikuwa wanajulikana kwa majina na wenzao wa kombania, na wengi walikuwa wametoka kijiji kimoja.

Ugomvi kuhusu uandikishaji uliendelea bungeni. Mwaka 1866 mbunge Roscoe Conkling, aliyekuwa mwendesha mashtaka katika kesi ya Haddock, aliishambulia idara ya Fry, mbunge mwenzake James G. Blaine akasimama kuitetea, wakatupiana maneno mazito, wakawa maadui wa maisha. Blaine alipogombea urais 1884, Conkling hakumsaidia. Blaine aliukosa urais kwa kushindwa jimbo la New York kwa kura zinazozidi kidogo 1,000. Aliyemshinda ni Grover Cleveland. Majina ya wagombea wote wawili yalikuwa yamechomolewa wakati wa vita, na kila mmoja alilipa mbadala.

Tathmini ya kina zaidi iliandikwa mwaka 1865 na James Oakes, ofisa aliyesimamia uandikishaji Illinois. Alipendekeza watu waende wenyewe kujiandikisha badala ya kufuatwa majumbani, na biashara ya vitita na mbadala ikomeshwe. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Enoch Crowder aliisoma ripoti hiyo alipokuwa akiandaa sheria mpya. Sheria ya Mei 1917 ilikataza kitita, mbadala na fidia, na kuzikabidhi kazi za uteuzi bodi za raia wa mahali husika. Kufikia mwisho wa vita hivyo watu milioni 24 walikuwa wamejiandikisha na milioni 2.8 wameingizwa jeshini, miaka 53 baada ya Oakes kuandika.